Neno "Mtandao" na Hitilafu za Intaneti ya Nyumbani: Maelezo ya Istilahi kwa Watumiaji na Mafundi wa Pemba

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazohitajiwa pale kompyuta mpakato inapokataa kuunganika na intaneti ya nyumbani isiyotumia waya. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu nini lugha, na kama si kazi ya fundi. Jibu letu ni kwamba watu wawili hawawezi kuitafuta hitilafu ikiwa kila mmoja anaitaja kwa neno lenye maana yake mwenyewe. Fundi hutibu kile alichoambiwa. Akiambiwa lisilo wazi, atatibu kisichougua.

Jambo hili lina uzito wa pekee kisiwani Pemba. Maduka ya kutengeneza kompyuta yamo zaidi mijini, Chake Chake na Wete. Mtu akaaye Konde, Micheweni au Kengeja hana budi kulipa nauli, kuipakia mashine yake garini na kupoteza siku nzima. Aghalabu hufanya hivyo kwa hitilafu ambayo ingeondolewa kwa maelezo ya dakika tano kwenye simu. Pengine huwa vibaya zaidi: kompyuta isiyo na ugonjwa "hupigwa Windows", kama wasemavyo mafundi, na kazi zote za mwenyewe ambazo hazikunakiliwa mahali pengine hufutika. Mwanafunzi anaweza kupoteza tasnifu ya mwaka mzima kwa sababu ya laini ya simu iliyokwisha kifurushi. Hasara ya namna hii ni hasara ya istilahi kabla haijawa hasara ya ufundi.

2. Mzigo wa neno "mtandao"

Neno "mtandao" ni la ukoo wa kitenzi "tanda", ambao umetupatia pia "tandaa", "tandaza" na "utando". Ni neno zuri, nalo linachora picha ya nyuzi nyingi zilizoenea na kushikana. Kasoro yake haimo katika asili yake bali katika wingi wa kazi tulizolitwika. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili hubeba maana zisizopungua nne:

(a) Kampuni ya simu, kama katika swali, "Wewe unatumia mtandao gani?"
(b) Mawimbi ya mnara wa simu, kama tusemapo, "Huku bondeni mtandao haushiki."
(c) Muungano wa vyombo vya nyumba moja kwa njia ya wai-fai.
(d) Intaneti yenyewe, kama tusemapo, "Matokeo ya mtihani yamo mtandaoni."

Tutazame sasa mazungumzo ya kawaida ya simu baina ya mwalimu na fundi wake:

– Fundi, asalaam alaykum. Mtandao haupo.
– Waalaykum salaam, maalim. Kifurushi unacho?
– Ninacho, nimekitia jana.
– Basi leo mtandao unasumbua kwa wengi. Ngoja mpaka kesho.

Mwalimu alikusudia maana ya tatu: kompyuta yake haikuiona wai-fai ya nyumbani. Fundi alielewa maana ya pili au ya nne. Wote wawili wamesema Kiswahili fasaha, na wote wamesema kweli kwa kadiri ya alivyofahamu kila mmoja. Hata hivyo mwalimu atangoja mpaka kesho, na kesho kompyuta yake itakuwa vilevile.

Kanuni ya kwanza ya uundaji wa istilahi ni kwamba dhana moja ipewe neno moja, na neno moja libebe dhana moja katika fani moja. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika fani hii "mtandao" libaki kuwa jina la jumla, na kila maana maalumu ipewe jina lake: "kampuni ya simu", "mawimbi ya mnara", "wai-fai" na "intaneti".

Kuhusu neno "wai-fai" lenyewe, wapo wanaolipinga kwa kuwa ni geni. Yafaa ikumbukwe kwamba hata huko lilikotoka si neno la kawaida bali ni jina la biashara, lililobuniwa mwaka 1999 ili kuinadi teknolojia ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1997. Halina maana ya ndani ambayo ingeweza kufasiriwa. Kulitohoa tu kunatosha. Tunapohitaji kivumishi cha jumla, "pasiwaya" latufaa, kama katika "mawasiliano ya pasiwaya".

3. Safari ya ujumbe

Ili kuzipanga istilahi hatuna budi kwanza kuzipanga dhana. Ujumbe utokao kwenye kompyuta unasafiri kwa hatua, mfano wa abiria atokaye Wete kwenda Unguja kwa kupitia bandari ya Mkoani. Kwanza atoke nyumbani. Pili apate gari la kumfikisha bandarini. Tatu apokewe bandarini na kupewa tiketi. Nne meli ing'oe nanga. Abiria akikwama Mkoani kwa sababu meli haikuondoka, hakuna mwenye akili atakayelifungua gari injini.

Kadhalika, ujumbe huanzia katika redio ndogo iliyomo ndani ya kompyuta. Huvuka chumba kwa mawimbi hadi kwenye ruta. Ruta huupokea na kuupa anwani. Kisha huutoa nje ya nyumba, ama kwa mawimbi ya mnara wa simu ama kwa waya, hadi kwenye mkongo wa mawasiliano na kuelekea ulimwenguni. Hitilafu yaweza kutokea katika kila hatua, na kila hatua ina dalili zake na yapaswa kuwa na maneno yake.

Kabla ya kuziendea hatua hizo, kuna jaribio moja linalopasa kutangulia yote: kuijaribu simu au kompyuta nyingine kwenye wai-fai ileile, baada ya kuizima data ya laini ya simu hiyo. Chombo cha pili kikiunganika vizuri, hitilafu yaelekea kuwa katika kompyuta ya kwanza, au katika mapatano yake na ruta. Chombo cha pili nacho kikishindwa, tuiache kompyuta na kuitazama ruta, au yaliyo nje ya nyumba.

4. Hatua nne na istilahi zake

4.1 Redio ya kompyuta

Kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi ndani ya kompyuta tunapendekeza kiitwe "kadi ya wai-fai". Kadi hii huweza kuzimwa na mtumiaji bila kujua. Baadhi ya kompyuta zina swichi ndogo ubavuni. Nyingine zina kitufe chenye picha ya mnara au ya ndege. Kitufe cha ndege huziweka redio zote za mashine katika hali ya kutotangaza, kama inavyotakiwa safarini angani. Tunapendekeza "hali ya ndegeni", yaani hali ya kuwa ndani ya ndege. "Hali ya ndege" pekee yaweza kueleweka kuwa ni habari ya ndege yenyewe.

Pia kadi huhitaji programu ya kuiendesha. Hapa pana mgongano: neno "kiendeshi" limekwisha kutumiwa kwa kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu. Tunashauri programu hiyo iitwe "kiendeshaji". Dalili ya kukosekana kwa kiendeshaji ni kwamba alama ya wai-fai hutoweka kabisa kwenye kioo, si kwamba majina hayaonekani. Tofauti hii mtumiaji aweza kuieleza kwa simu, ikiwa amefundishwa kuitazama.

4.2 Mawimbi baina ya kompyuta na ruta

Ruta nyingi za siku hizi hutangaza katika masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya chini hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali zaidi. Ya juu huchukua ujumbe kwa kasi kubwa zaidi lakini huchoka upesi. Katika nyumba yenye kuta nene za mawe na chokaa, wai-fai ya gigahezi 5 yaweza kuwa na nguvu sebuleni na kutoweka chumba cha pili. Aidha, kompyuta nyingi za zamani husikia gigahezi 2.4 peke yake. Mwenye kompyuta kama hiyo akiwa na ruta iliyopangwa kutangaza gigahezi 5 tu, hataliona jina la wai-fai yake hata akiiweka kompyuta juu ya ruta.

Neno "masafa" linahitaji uangalifu. Kwa Kiswahili cha kawaida masafa ni umbali. Kwa Kiswahili cha redio ni kipimo cha mawimbi. Wasikilizaji wa zamani wanakumbuka kwamba redio ya "masafa mafupi" ndiyo iliyofika kutoka nchi za mbali kabisa. Basi fundi akisema, "Tumia masafa ya chini yafike masafa marefu," anamchanganya mteja wake. Tunapendekeza katika fani hii "masafa" yawe ya mawimbi tu, na urefu wa mahali uitwe "umbali".

Ndani ya masafa hayo mna vijia vingi ambavyo kila ruta huchagua kimoja. Wako waliopendekeza kijia hicho kiitwe "mkondo". Neno hili lina mvuto mkubwa, hasa kwa Wapemba ambao Mkondo wa Pemba uko mbele ya macho yao. Lakini fundi huyohuyo anautumia "mkondo" kwa umeme, na duka moja haliwezi kuwa na mikondo miwili ya maana mbalimbali juu ya meza moja. Kwa hiyo tunalichagua "chaneli", ambalo watu wamelizoea kwa televisheni. Katika gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Ruta za majirani zikirundikana katika chaneli moja, husumbuana. Tena, baadhi ya kompyuta zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazisikii chaneli 12 na 13. Anayenunua kompyuta iliyotumika kutoka ng'ambo yampasa alijue jambo hili: simu yake itaiona wai-fai, kompyuta haitaiona, ilhali vyote viwili ni vizima.

4.3 Kupokewa na ruta

Jina la wai-fai likionekana, mtumiaji hutakiwa kutoa neno la siri. Mitaani husikika "paswedi". Kwenye vioo vya mashine na katika vitabu hutumika "nywila" na "nenosiri". Sisi tunaliunga mkono "nywila": ni fupi, linakubali ngeli bila taabu, na halichanganyiki na siri nyingine. Nywila hukataliwa kwa sababu tatu za kawaida: herufi kubwa na ndogo kuchanganywa, sifuri kusomwa kuwa herufi O, na nywila kubadilishwa na mwenye nyumba huku kompyuta ikiendelea kutoa ile ya zamani iliyoihifadhi. Tiba ya sababu ya tatu huitwa katika mashine nyingi "kusahau mtandao". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno nayo haielezi kitu. Tunapendekeza "kufuta kumbukumbu ya wai-fai".

Iko pia sababu ya nne. Ujumbe wa wai-fai hufichwa kwa hesabu maalumu ili jirani asiusome. Kitendo hiki kinaitwa "usimbaji fiche". Kiwango kipya cha usimbaji, WPA3, kilitangazwa mwaka 2018. Ruta iliyopangwa kukubali kiwango hicho peke yake huweza kuikataa kompyuta ya zamani hata kama nywila ni sahihi. Tiba ni kuipanga ruta ikubali pia WPA2.

Baada ya kupokewa, kompyuta hupewa na ruta "anwani", yaani namba ya kutambulikana nyumbani mle. Anwani inayoanza na 169.254 ni ile ambayo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Hii ni dalili bora mno, kwani mtumiaji aweza kumsomea fundi wake namba hizo bila kujua chochote kingine. Kuizima ruta, kungoja nusu dakika na kuiwasha upya mara nyingi huleta nafuu, kwa sababu kumbukumbu yake ya muda hufutika na ugawaji wa anwani huanza upya.

Hapa tuguse sarufi kidogo. Yafaa tupambanue "imeunganishwa" na "imeunganika". Kauli ya kutendwa yaonyesha kwamba yuko aliyeifanya kazi ya kuunganisha. Kauli ya kutendeka yaonyesha kwamba hali imepatikana. Mtumiaji husema, "Nimeiunganisha lakini haikuunganika," na kila msikilizaji wa Kiswahili huelewa mara moja kwamba juhudi imefanyika na matokeo hayakuja. Minyambuliko yetu inatupa bure upambanuzi ambao fundi anauhitaji, na waandishi wa programu wangefanya vyema kuutumia.

4.4 Nje ya nyumba

Kompyuta yaweza kuunganika barabara na ruta na bado isifungue ukurasa wowote. Hapo meli ndiyo haikuondoka. Sababu za kawaida ni kwisha kwa kifurushi, laini kutokaa sawa ndani ya ruta, mnara kuzidiwa, au waya kukatika. Taa za ruta hutoa habari hizi, ingawa rangi zake hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Ndiyo maana tunashauri taa zitajwe kwa kazi zake: "taa ya umeme", "taa ya wai-fai" na "taa ya intaneti". Zisitajwe kwa rangi peke yake.

Umeme nao una mchango wake. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huendelea kuwaka kwa betri yake, bali ruta huzimika. Mtumiaji aonaye kioo kinang'aa husahau kwamba chombo cha pili kimekufa. Umeme ukirudi, ruta huhitaji dakika kadhaa kabla ya kuwa tayari.

Ziko hitilafu mbili nyingine ambazo hujifanya za nje, lakini si za nje daima. Ya kwanza ni ya majina: intaneti husafiri kwa namba, na pana huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Tunapendekeza iitwe "daftari la majina". Daftari hilo likikosekana, njia huwa wazi lakini hakuna anuani ya kwenda. Ya pili ni saa. Kompyuta iliyokaa kabatini muda mrefu huweza kupoteza tarehe, na kurasa zenye ulinzi huikataa kwa kuwa vyeti vyake huonekana ama vimekwisha muda ama havijaanza. Kurekebisha tarehe kunatosha.

5. Juu ya uteuzi wa maneno

Msomaji ameona kwamba hatukufuata njia moja. Mahali pengine tumetohoa, pengine tumepanua maana, pengine tumenyambua. Historia ya fani hii inatufundisha unyenyekevu. Neno "ngamizi" liliundwa, "tarakilishi" likaenea zaidi nchini Kenya, lakini Mtanzania wa kawaida ameshikilia "kompyuta". Kinyume chake, "mpakato" limepokewa vizuri, kwa kuwa kila mtu amemwona mama akimpakata mtoto, na picha hiyo haihitaji mfasiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha yetu ina uwezo. Kinachobaki ni maneno hayo kufika hadi kwenye meza ya fundi.

Kwa sababu hiyo tumelikubali "ruta", na hatumlaumu asemaye "rauta". "Kipanga njia" ni istilahi safi ya kueleza kazi ya chombo, lakini mnunuzi akiliomba dukani ataulizwa anataka nini. Neno lisiloweza kununua kitu sokoni halijawa istilahi, ni pendekezo tu.

6. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Anwani: namba ambayo chombo hutambulikana kwayo ndani ya mtandao.
Chaneli: kijia kimoja ndani ya masafa ambacho ruta hutangazia.
Daftari la majina: huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba.
Hali ya ndegeni: hali ya kuzimwa kwa redio zote za chombo.
Intaneti: mtandao wa dunia nzima, haina maana ya wai-fai.
Kadi ya wai-fai: redio ndogo iliyomo ndani ya kompyuta.
Kiendeshaji: programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa.
Kufuta kumbukumbu ya wai-fai: kuondoa jina na nywila vilivyohifadhiwa.
Masafa: kipimo cha mawimbi, kwa gigahezi, si umbali.
Nywila: neno la siri la kuruhusiwa kuingia.
Ruta: chombo kinachounganisha vyombo vya nyumbani na intaneti.
Usimbaji fiche: kuuficha ujumbe ili asiyehusika asiusome.

7. Hitimisho

Istilahi zote hizi zikishindwa kushika upesi, tungetosheka kwa mwanzo na sentensi tatu badala ya ile moja ya "mtandao haupo". Ya kwanza: "Wai-fai haionekani." Hii yahusu kadi, masafa, au ruta iliyozimika. Ya pili: "Wai-fai inaonekana lakini inanikataa." Hii yahusu nywila na usimbaji. Ya tatu: "Nimeunganika lakini intaneti haifiki." Hii yahusu anwani, daftari la majina, saa ya kompyuta, kifurushi, au mnara. Fundi aliyeko Chake Chake akipata moja ya sentensi hizi kutoka Micheweni, anajua pa kuanzia kabla mteja hajatia mguu garini. Walimu wa kompyuta katika skuli zetu wangeweza kuzifundisha katika kipindi kimoja.

Mapendekezo haya si sheria. Mafundi wa Pemba wanayo maneno yao, na hapana shaka mengine ni bora kuliko haya yaliyotolewa hapa. Tunawaomba wayalete pamoja na mifano ya sentensi ambamo hutumika, ili yazingatiwe kabla orodha hii haijasanifishwa.